Kabla Nyavu Hazijarudi Majini

Mtu aliyezaliwa Kashikishi, upande wa Zambia ya leo, mwaka 1935 na kujaliwa kufika uzeeni ameliona Ziwa Mweru likibadilisha riziki ya watu wake mara kadhaa, ilhali yeye hajahama kijiji. Utotoni mwake samaki wa fedha alikuwa mpumbu, aliyepanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Wafanyabiashara Wagiriki waliokuwa na maskani Kasenga, upande wa Kongo, walinunua samaki kwa wingi na kuwapeleka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Kabla kijana huyo hajakomaa, mpumbu alikuwa amevuliwa hadi biashara yake ikavunjika. Zikaja nyavu za nailoni na zamu ya perege. Perege nao wakapungua, na kufikia miaka ya 1980 soko lilikuwa limegeukia chisense, kisamaki cha ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma, ambacho zamani hakikuhesabiwa kuwa mali. Wanawake wengi wa ufukoni walijijenga kwa kisamaki hicho. Kisha mwaka 2002 mgodi wa Dikulushi ulifunguliwa ng'ambo, mzigo wake wa shaba ukavushwa ziwani kutoka mji wa Kilwa, Kongo, hadi Nchelenge na kuendelea kwa malori. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilianguka duniani, na mgodi ukasimama.

Ndiyo maana namwomba mwanafunzi wa ufuko huu, awe anasoma Nchelenge mjini, Chienge, kisiwani Kilwa au katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, asianze kwa kuuliza ni kazi gani itakayokuwapo mwaka 2040. Mwaka 1950 hakuna mtaalamu aliyewaambia watu wa Kashikishi wajiandae kwa chisense. Swali lenye faida ni hili: kazi niliyonayo ikiondoka, mimi nitabaki na nini? Waliovuka salama kutoka samaki mmoja hadi mwingine walibaki na vitu vichache. Walijua kupiga hesabu ya faida. Walijua kukausha samaki asioze. Walijua kuziba mtumbwi na kutia nyavu viraka. Walielewana na mnunuzi wa lugha nyingine, na walikuwa na jina jema la kupewa mzigo kwa mkopo. Vitu hivyo havikufa na mpumbu.

Yako maandiko mengi ya wataalamu kuhusu kazi za kesho. Kongamano la Uchumi Duniani lilitoa ripoti Januari 2025, ikieleza kwamba waajiri waliohojiwa wanatarajia takriban asilimia 39 ya stadi za msingi za wafanyakazi wao zibadilike kufikia 2030, na stadi waliyoipa uzito wa kwanza ni uwezo wa kufikiri kwa uchambuzi. Isomeni, ila kumbukeni nani aliyeulizwa: ni makampuni makubwa. Nchelenge mwajiri mkubwa ni ziwa, shamba la muhogo na soko. Serikali ya Zambia nayo huajiri. Mwaka 2022 iliajiri walimu zaidi ya 30,000 na wahudumu wa afya zaidi ya 11,000 kwa mkupuo, na wengi wa waliopata nafasi walikuwa wamekaa na vyeti miaka mingi wakisubiri. Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo inayonishughulisha mimi. Kijana aliyesubiri huku akifunga sola, akishona, au akiendesha biashara yake ndogo kwa daftari, aliingia darasani au wodini akiwa mtu mzima katika kazi. Aliyesubiri kwa kukaa tu alichakaa pamoja na cheti chake.

Mwanafunzi wa Mweru ana msimu wa mafunzo ambao wenzake wa mijini hawana. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika ziwa hili ili samaki wazaliane. Nyavu zinaanikwa, mitumbwi inapumzika, na shule nazo zinakuwa likizo kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari. Wiki hizo tano au sita mara nyingi hupotea bure. Vijana hulala mchana, au huingizwa katika uvuvi wa kuvizia usiku, ambao huishia kwa nyavu kuchomwa na mzazi kutozwa faini. Ushauri wangu mkuu ni kwamba kila marufuku ya uvuvi iwe na ujuzi wake mmoja. Ukianza kidato cha kwanza, hadi unamaliza cha nne utakuwa umepitia misimu 3 au 4. Ujuzi 1 kila msimu, ukishikwa mpaka mwingine akulipe kwa kuufanya, unatosha. Usichukue ujuzi wa aina tatu kwa pamoja.

Naanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayowafilisi watu wengi kimyakimya. Sisemi hesabu ya mtihani peke yake. Tuseme mama mmoja ananunua magunia 10 ya chisense mkavu kwa kwacha 800 kila gunia, awapeleke Kitwe. Namba hizi ni za mfano, lakini mwendo wake ni wa kweli. Gari linatoza kwacha 100 kwa gunia. Wapakiaji, ushuru na magunia mapya vinakula kwacha 300. Njiani mvua inaharibu gunia 1. Tisa yaliyobaki anayauza kwa kwacha 1,150 kila moja. Mwulize jirani yake, atakwambia mama huyo amepata kwacha 350 juu ya kila gunia, yaani 3,150. Sasa lifungue daftari. Ametoa 8,000, 1,000 na 300, jumla 9,300. Amepokea 10,350. Kilichobaki ni 1,050. Nauli yake mwenyewe, chakula na malazi ya wiki mbili vimechukua 800. Amerudi Kashikishi na kwacha 250, naye akidhani ana 3,000, na tayari ameahidi ada ya watoto wawili. Mtoto wake wa kidato cha pili akikaa naye jioni moja na kuandika hivyo vyote, mama ataona mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha: kwamba gunia 1 lililolowa lilikula zaidi ya faida yote aliyorudi nayo, na kwamba turubai zuri lingejilipa kwa safari moja.

Fanya hivyo nyumbani kwanza. Kabla ya kutafuta mafunzo ya ujasiriamali yenye cheti na mabango, chukua daftari la kurasa 96, uandike kila kinachoingia na kinachotoka katika biashara ya mama, shangazi au mjomba, siku 40 mfululizo. Weka safu ya tarehe, ya maelezo, ya fedha iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Andika mikopo katika ukurasa wake, maana katika fukwe nyingi ni mkopo usioandikwa unaovunja undugu. Ukifika siku ya 40 utakuwa unajua biashara ya familia yako kuliko mtu yeyote aliyeipitia haraka, na utakuwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri, ushirika au ofisi ya mikopo.

Asilimia unazofundishwa darasani nazo zina kazi yake ufukoni. Samaki mbichi kwa kawaida ana maji yapatayo asilimia 75 ya uzito wake. Katika kilo 100 za chisense mbichi kuna kilo 25 tu za kitu kinacholika. Ukiwakausha hadi maji yabaki asilimia 15 ya uzito, utapata kilo 29 na ushei. Ukiwakausha nusunusu, maji yakabaki asilimia 25, utapata kilo 33. Hizo kilo 4 za ziada ni maji, na mnunuzi aliyezilipia atazipata tena kama ukungu na harufu kabla hajafika mkoa wa migodi wa Copperbelt. Kijana anayeweza kumweleza mnunuzi jambo hili kwa kalamu na mizani atauza kwa bei bora kuliko anayepima kwa ndoo na kubishana. Vilevile chisense walioanikwa juu ya mchanga wanabeba mchanga, nao walioanikwa kwenye chanja lililoinuliwa juu wanauzwa kama chakula safi. Utengenezaji wa chanja hauhitaji shahada. Unahitaji mbao, wavu wa tundu ndogo na mtu anayejua kwa nini hewa ipite chini.

Mkono, yaani ufundi, unakuja baada ya hesabu, na hapo nataka kukaa kidogo, nikianza na sola.

Ukame wa 2024 uliteremsha maji ya bwawa la Kariba hadi Zambia ikakatiwa umeme kwa saa nyingi kila siku. Vinyozi, wachomeleaji, wauza vinywaji baridi na mawakala wa pesa za simu walijifunza kwa uchungu kwamba biashara isiyo na umeme wake mwenyewe inasimama pale gridi inaposimama. Tangu hapo paneli za sola zimezidi kuonekana juu ya mabati. Zinafungwa na watu wa aina mbili: fundi anayejua, na mtu aliyeona fundi akifunga. Tofauti yao ni hesabu ya fizikia ya sekondari. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi, usiitumie chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema, kwa hiyo una 600 tu za kutumia. Taa 3 za wati 10 kwa saa 5 zinachukua 150. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 inachukua 200. Simu 10 za wateja zikichajiwa zinachukua kama 150. Jumla ni 500, na betri inatosha. Mteja akisema anataka kuongeza friza ya samaki inayokula wati-saa 1,000 kwa siku, fundi mwaminifu atakataa kuifunga kwenye betri hiyo, hata kama fedha iko mezani. Tena paneli moja ya wati 100, kwa saa 5 za jua kali na upotevu wa njiani, italeta kama 400, kwa hiyo hata bila friza inahitajika kubwa zaidi au ziwe mbili. Mwanafunzi aliyeelewa aya hii ana nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kupanda juu ya paa, kukaza nyaya zisilegee, kuweka fyuzi mahali pake, na kuheshimu tindikali ya betri.

Nusu hiyo ya pili hufundishwa na fundi, si na video. Nenda kwa fundi anayeaminika na mzazi wako, mkubaliane mbele ya shahidi: wiki ngapi, saa ngapi, nani anatoa chakula, na kwamba kazi yako haitaishia kufagia na kutumwa sigara. Fundi mwema ataona haya kukubali asichoweza kutimiza. Beba daftari. Kila kifaa kilichoharibika kinachofika, andika dalili yake, chanzo kilichogunduliwa na dawa yake. Mafundi wengi wazuri hawaandiki, na ujuzi wao huzikwa nao. Wewe mwenye kalamu utakuwa mwanafunzi wao na mwandishi wao.

Injini za boti, majokofu, mashine za kusaga muhogo, pikipiki na simu zina njia hiyohiyo ya kujifunza. Kama ningelazimika kuchagua kwa niaba ya kijana wa Kashikishi, ningechagua ubaridi: kutengeneza na kutunza mitambo ya barafu na friza zinazotumia jua. Samaki mbichi aliyefika Mansa akiwa na barafu ana thamani kubwa kuliko yule aliyekaushwa kwa kulazimika, na tangu daraja la Levy Mwanawasa lifunguliwe Chembe mwaka 2008, njia ya kwenda Copperbelt kupitia ardhi ya Kongo haingoji tena pantoni. Upo pia mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda wenye daraja lake juu ya Luapula, unaokusudiwa kuunganisha Katanga na njia ya Dar es Salaam. Barabara ikija, itamletea faida mwenye barafu kabla ya mwenye ndoo.

Barabara hiyo inanileta kwenye lugha. Watu wa ufuko huu wana bahati wasiyoithamini. Nyumbani wana Kibemba, na wengine Kibwile au Kishila. Shuleni wana Kiingereza. Ng'ambo, Kilwa na Pweto, biashara inazungumzwa kwa Kiswahili na ofisi zinaandika kwa Kifaransa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na SADC, ambamo Zambia na Kongo zimo zote mbili, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kijana wa Nchelenge anayeweza kununua kwa Kiswahili, kuandika risiti kwa Kifaransa, kujibu ofisa wa forodha kwa Kiingereza na kumbembeleza mama mkwe kwa Kibemba ana kazi mahali popote kutoka Lubumbashi hadi Nakonde. Makampuni ya malori, mashirika ya misaada, hospitali na mahakama yote yanahitaji mtu wa namna hiyo.

Na mwalimu wake yuko karibu. Mwaka 2017 maelfu ya watu walikimbia vita Katanga na jimbo la Tanganyika wakavuka kuingia Luapula, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge ili wakimbizi na wenyeji waishi jirani na kutumia shule na zahanati kwa pamoja. Humo wamo walimu waliofundisha kwa Kifaransa maisha yao yote, na vijana wanaokiongea Kiswahili tangu kuzaliwa. Wenyewe wanahitaji Kibemba na Kiingereza ili waishi Zambia. Badilishaneni. Vijana wawili, saa moja kila siku, nusu saa lugha ya huyu na nusu saa lugha ya yule, kwa msimu mmoja wa marufuku, watafika mbali kuliko darasa la wanafunzi 60. Anzeni na sokoni: namba, vipimo, bei, salamu, namna ya kupunguziana na namna ya kukataa bila kuudhi. Kiswahili cha ng'ambo kina ladha yake, watakwambia batu pale kitabu kinaposema watu. Jifunze cha kitabu kwa kuandika na cha kwao kwa kuuza, wala usimsahihishe mteja.

Simu na kompyuta nitazipitia kwa haraka kidogo, kwa sababu kila mtu anazihubiri. Zambia ilizindua mkakati wake wa taifa wa akili unde Novemba 2024, na vijana wengi wameshaanza kuzichezea programu hizo kwenye simu. Tumieni. Iombe mashine ikueleze hesabu ya betri ambayo mwalimu alipita haraka. Iombe rasimu ya barua ya Kifaransa kwa mnunuzi wa Pweto. Iombe ikuulize maswali ya mtihani wa biolojia. Lakini usiiamini peke yake. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi ya Kiingereza na machache sana ya Kibemba, na kuhusu ziwa lako zinajua kidogo, ila hujibu kwa uhakika uleule zinapojua na zinapokosea. Barua ya Kifaransa isomwe na mwalimu wa Mantapala kabla haijatumwa. Jibu la dawa ya malaria lipelekwe Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi, lisimezwe kutoka kwenye simu. Kijana atakayekuwa na thamani ni yule anayejua somo kiasi cha kuigundua mashine inapodanganya, na kulijua somo kiasi hicho kunataka usome.

Pamoja na hayo jifunze kazi 3 za kompyuta hadi zikae mkononi: kuandika barua rasmi, kutumia jedwali la hesabu, na kutunza mafaili kwa majina yanayoeleweka. Ukiwa wakala wa pesa za simu, ongeza ya nne, yaani kulinda namba ya siri ya mteja kama amana. Vibanda vya mawakala vimewapa vijana wengi wa Zambia kazi yao ya kwanza, na wanaodumu humo ni wale ambao hesabu yao ya jioni hulingana na fedha iliyopo.

Kuna wanafunzi watakaobaki na ziwa lenyewe, na hao nawapa moyo kwa nguvu zote. Mpumbu alikwisha kwa sababu alitegewa nyavu njiani akienda kutaga. Anayeelewa uzazi wa samaki anaelewa kwa nini wavu wa chandarua unaua mwaka ujao, na kwa nini miezi 3 ya marufuku si adhabu ya serikali. Chuo cha Maliasili cha Lusaka kinafundisha uvuvi na ufugaji wa samaki, na Chuo Kikuu cha Copperbelt kilichoko Kitwe kina shahada ya fani hiyo. Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola nacho kimefanya utafiti wa malaria Nchelenge kwa miaka, na utafiti wa aina hiyo unahitaji vijana wenyeji wanaoweza kuhoji watu kwa lugha yao, kujaza takwimu bila kubuni na kutunza siri ya mgonjwa. Sayansi hizi zinaanza na tabia ndogo. Pima mvua kwa kopo lililonyooka. Andika kimo cha maji ya ziwa kwenye nguzo ileile kila Jumapili. Andika bei ya ndoo ya chisense kila wiki. Baada ya miaka 3 utakuwa na kumbukumbu ambazo mtafiti yeyote atazitaka, na utakuwa umejifunza uvumilivu wa kutazama, ambao hakuna kozi inayoufundisha.

Sasa nasema na wazazi, na hasa kuhusu mabinti. Zambia imefuta karo katika shule za serikali za msingi na sekondari tangu 2022, na hilo limewarudisha wengi darasani. Hata hivyo likizo ya Desemba haigawanywi sawa. Kaka anapelekwa kwa fundi, dada anapewa ndoo, kuni na mdogo wake wa kubeba. Ikiwa atafanya kazi hizo, na kaka yake azifanye, na saa zinazobaki zigawanywe kwa wote wawili. Binti naye apelekwe kwenye sola, kwenye injini, kwenye daftari.

Nalisema hili kwa sababu ya jambo linalojulikana na kila mtu ufukoni na kusemwa na wachache. Katika sehemu nyingi za uvuvi Afrika, na Zambia imo, watafiti wameandika kuhusu wanawake wachuuzi wanaodaiwa miili yao kabla ya kuuziwa samaki. Mwanamke asiye na mtaji, asiyejua bei ya jana na asiye na wenzake yuko mikononi mwa mwenye boti. Mwenye akiba katika chilimba, yaani kikundi cha kuwekeana akiba, mwenye mizani yake, anayejua bei ya Mansa na ya Kilwa kwa simu, na anayenunua pamoja na wenzake watano, anaweza kusema hapana na bado akarudi na mzigo. Stadi za kazi kwa binti wa Mweru ni ulinzi wa mwili wake, na mzazi anayemnyima anamwacha wazi. Wanaume wenye boti nao wana jukumu lao katika hili, na wazee wa vijiji na machifu wawawajibishe.

Mzazi mwingine ataniambia: mwanangu akimaliza darasa atanisaidia ziwani, hayo mengine ni ya watoto wa Lusaka. Namjibu kwa heshima kwamba ziwa lenyewe limeshapunguza nafasi. Wavuvi wameongezeka kila kizazi na samaki hawakuongezeka. Mtoto anayeingia majini mikono mitupu anaingia kwenye foleni ndefu nyuma ya wajomba zake. Anayeingia na ujuzi wa kuhifadhi, kutengeneza, kuhesabu au kufuga anawaongezea wajomba hao kipato.

Ujuzi unaopatikana kwa fundi unaweza kupata cheti. Mamlaka ya elimu ya ufundi ya Zambia, TEVETA, ina mitihani ya ufundi na utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu kazini bila kupita chuoni, kwa hiyo lile daftari lako la matengenezo, picha za kazi ulizofanya na barua ya fundi zitunze katika mfuko mmoja usioingia maji. Ukitaka kwenda chuo cha ufundi na nyumbani hakuna ada, uliza kuhusu Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Mwaka 2022 fungu la kila jimbo la uchaguzi lilipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, na limekuwa likiongezwa tangu hapo. Ndani yake mna ufadhili wa mafunzo ya ufundi, ufadhili wa wanafunzi wa bweni, na mikopo na ruzuku kwa vikundi vya vijana na wanawake. Maombi yanaanzia kwenye kamati ya maendeleo ya kata, si kwa mbunge wala kwa mtu anayedai atakufikishia fomu kwa ada. Ukifikisha miaka 16 chukua kitambulisho chako cha taifa mara moja, maana bila hicho karibu kila mlango wa fedha na wa chuo unafungwa. Aliye Mantapala aulize kwa ofisi ya makazi hayo ni nafasi zipi zinazomhusu mkimbizi, na hati yake ya utambulisho aisasishe mapema.

Fanya hayo mwezi Oktoba au Novemba, wakati wavuvi bado wako majini na ofisi hazijaanza sikukuu. Zungumza na fundi wako kabla ya tarehe 1 Desemba, kwa kuwa siku hiyo kila kijana wa ufukoni atakuwa hana shughuli, na fundi mmoja hawezi kuchukua wanafunzi zaidi ya wawili au watatu.